Mageuzi yaliyotangazwa Addis na safari yake ndefu hadi Isiolo

Mnamo Machi 1990, Mengistu Haile Mariam alisimama mbele ya Kamati Kuu ya Chama cha Wafanyakazi cha Ethiopia na kutangaza jambo ambalo wakulima wa nchi yake walikuwa wamelingoja kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mgao wa lazima wa nafaka kwa serikali ungekoma. Bei zisingepangwa tena na maafisa wa Addis Ababa. Mfanyabiashara binafsi angeweza kupakia magunia yake na kuyapeleka mji wowote wenye wanunuzi. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka miezi minne tu iliyotangulia, Moscow ilikuwa imechoka kugharimia vita vya Mengistu, na waasi walikuwa wakisonga mbele kutoka kaskazini. Mei 1991 kiongozi huyo alitoroka kwa ndege kupitia Nairobi hadi Harare, lakini uamuzi wake kuhusu nafaka ulibaki. Waliomrithi hawakuurudisha mgao.

Isiolo iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Addis Ababa. Barabara inayotoka huko hushuka hadi Moyale, huvuka mpaka, ikapita Turbi, Marsabit, Laisamis, Merille na Archer's Post, ndipo ikaingia Isiolo kabla ya kupanda milima ya Meru kuelekea Nairobi. Pande zote mbili za mpaka wanaishi Waborana wanaozungumza lugha moja, wenye koo zilezile na ng'ombe wa aina ileile. Kinachoamuliwa Addis kuhusu nafaka, sarafu au mifugo hatimaye huonekana katika soko la mifugo la Isiolo: katika idadi ya malori yanayoshuka kutoka Moyale, na katika bei ambayo dalali anathubutu kuitaja. Kwa hiyo kazi ya mwanauchumi aliyechunguza tangazo la 1990 lilibadilisha nini hasa inawahusu watu wa Isiolo, hata kama takwimu zake hazikuchukuliwa katika mji wao.

Mwanauchumi huyo ni Stefan Dercon, Mbelgiji, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye kati ya 2011 na 2017 alikuwa mwanauchumi mkuu wa wizara ya Uingereza iliyosimamia misaada ya maendeleo. Mwaka 1995 alichapisha katika jarida la Journal of Development Studies utafiti kuhusu masoko ya Ethiopia kabla na baada ya mageuzi. Swali lake lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu: serikali ya Kikomunisti inapoacha kupanga bei, je, masoko ya nchi huungana kweli, au sheria hubadilika na maisha yakabaki vilevile?

Uzito wa swali hilo unaonekana mtu akikumbuka Dergi, utawala wa kijeshi wa Mengistu, ilikuwa imejenga nini. Ilitwaa madaraka Septemba 1974, na Machi 1975 ikataifisha ardhi yote ya mashambani. Mwaka 1976 likaundwa Shirika la Uuzaji wa Mazao ya Kilimo, lililojulikana kwa kifupi kama AMC. Kila chama cha wakulima kilipangiwa idadi ya kwintali za kuliuzia shirika hilo kwa bei ya serikali, mvua inyeshe isinyeshe. Mfanyabiashara mwenye leseni naye alilazimika kulikabidhi shirika nusu ya alichonunua au zaidi. Katika mikoa yenye mavuno mengi kama Arsi na Gojjam, biashara binafsi ya kusafirisha nafaka ilifungwa kabisa. Barabarani kulikuwa na vizuizi vilivyoitwa kella, ambako malori yalisimamishwa na magunia kuhesabiwa. Matokeo yake ni kwamba tefu, nafaka ya kutengenezea injera, ingeweza kujaa mkoa mmoja kwa bei ya kutupa huku mkoa wa pili ukiikosa kwa bei yoyote.

Inafaa kumtaja hapa Alemayehu Lirenso wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Mwaka 1987, Mengistu akiwa bado kitini, mtafiti huyo alichapisha uchambuzi wa jinsi mfumo huo wa bei na mgao ulivyofanya kazi. Watu wa nje waliokuja baadaye na hesabu zao walikuta njia imefyekwa na Waethiopia wenyewe.

Mbinu ya Dercon ilikuwa kuzifuata bei za tefu mwezi baada ya mwezi, za Addis Ababa na za masoko ya mikoani. Kama masoko mawili yameunganika, bei ikipanda katika soko moja wafanyabiashara hukimbiza magunia huko, na baada ya muda mfupi tofauti ya bei hurudi kuwa gharama ya usafiri pamoja na faida ya kawaida. Kama kuna ukuta kati yake, kila soko huenda njia yake. Ugumu ulikuwa kwamba Ethiopia ilibadilika mara mbili kwa mfululizo: soko lilifunguliwa 1990 na vita vikaisha 1991. Mchunguzi asiye makini angelipa tangazo la Mengistu sifa zote, au angezipa amani zote. Dercon alizitenganisha hesabu hizo, na akaona kwamba kufunguliwa kwa soko kulikuwa na athari kubwa yenyewe: masoko yalianza kusikilizana, na pengo la bei kati ya Addis na mikoa likapungua. Vita navyo vilikuwa mzigo wa pekee juu ya biashara, na ulipoondoka hali iliboreka zaidi.

Hilo ndilo jibu la kwanza, na ni la kutia moyo. Jibu la pili lilikuja 2006, nalo ndilo ambalo wakazi wa kaskazini mwa Kenya wangepaswa kulisoma kwa makini zaidi.

Katika utafiti huo wa pili, uliotoka katika Journal of Development Economics, Dercon hakuangalia bei peke yake. Aliziangalia familia. Kaya za vijiji sita vya Ethiopia zilikuwa zimehojiwa 1989, zikarudiwa miaka ya 1994 na 1995. Kwa jumla matumizi ya watu yalikuwa yamepanda na umaskini umeshuka, na mabadiliko ya bei yaliyoletwa na mageuzi yalikuwa miongoni mwa sababu kuu. Lakini maskini hawakuwa kundi moja. Waliokuwa na ardhi nzuri na kuishi mahali penye njia na soko walipiga hatua kuliko wote. Waliokuwa na rasilimali chache na kuishi mahali pabaya walibaki nyuma, ingawa sheria iliyofutwa ilikuwa imefutwa kwa ajili ya wote. Soko lilifunguliwa kwa kila mtu. Faida yake ilimfikia aliye karibu na barabara.

Isiolo inaufahamu ukweli huo bila kuambiwa na mtu. Tena, historia ya mji huu inaonyesha jambo ambalo halisemwi vya kutosha nchini Kenya: kaskazini iliishi chini ya uchumi wa amri kwa miongo mingi, ndani ya nchi iliyojitangaza kuwa rafiki wa soko.

Chanzo ni ukoloni. Sheria ya 1902 kuhusu maeneo ya pembezoni, na nyingine ya 1934 kuhusu wilaya maalumu, ziliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Hakuna aliyeingia wala kutoka bila kibali, na Isiolo ndiyo iliyokuwa lango. Mpaka leo wako wazee wa kaskazini wanaosafiri kwenda Nairobi wakisema wanaenda Kenya. Mifugo nayo ilifungiwa. Ng'ombe wa Waborana, Wasamburu na Wasomali hawakuruhusiwa kushuka kwenye masoko ya kusini mpaka wapite karantini, na hofu ya magonjwa kama homa ya mapafu ya ng'ombe, iliyokuwa hofu ya haki, ilifanya kazi ya pili ya kuyakinga mashamba ya walowezi wa Laikipia dhidi ya washindani. Serikali ndiyo iliyoamua soko lifunguliwe lini na nani anunue.

Uhuru haukuliondoa lango. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, uasi wa kutaka kuitenga kaskazini na Kenya, vilileta hali ya hatari. Katika wilaya ya Isiolo wafugaji walikusanywa katika vijiji vya ulinzi huko Garba Tulla na Merti, na mifugo iliyonyimwa malisho ikafa au ikachukuliwa. Mwanaanthropolojia Richard Hogg aliandika mwaka 1980 jinsi Waborana wa Isiolo walivyotoka kwenye utajiri wa mifugo hadi ufukara katika muda mfupi, na sababu alizozitaja zilikuwa za kisiasa kuliko za mvua. Sheria za hali ya hatari kaskazini zilifutwa 1991, mwaka uleule Mengistu alipokimbia.

Katika miaka hiyohiyo ya 1960 kitengo cha serikali cha kuuza mifugo, LMD, kilipewa jukumu la kununua ng'ombe wachanga kutoka wilaya za kaskazini, kuwatembeza hadi Isiolo, kuwaweka karantini na kuwauza kwa ranchi za kusini. Ardhi ya kuwahifadhi ng'ombe hao iko hapa, na eneo hilo huitwa LMD mpaka leo. Kwa mfugaji wa Merti au Moyale, mnunuzi huyu wa serikali alikuwa nafuu kubwa alipokuja, kwa kuwa mara nyingi hakukuwa na mwingine. Asipokuja, mwaka ulipita bila soko. Hali ya kuwa na mnunuzi mmoja tu, anayekuja apendapo na bei yake mfukoni, ndiyo waliyoijua wakulima wa Gojjam chini ya AMC. Itikadi zilitofautiana; mfugaji na mkulima walisimama mahali pamoja.

Mahindi nayo yalikuwa na vizuizi vyake. Kabla ya biashara ya nafaka kuachiliwa mwishoni mwa 1993, Mkenya aliyetaka kuhamisha zaidi ya magunia machache kutoka wilaya moja hadi nyingine alihitaji kibali cha Bodi ya Nafaka na Mazao. Meru yenye mashamba iko jirani kabisa na Isiolo, lakini mfugaji aliyeuza mbuzi ili anunue mahindi alilipia pia gharama za vibali na vizuizi vya njiani.

Msingi wa sera ya uchumi ya Kenya huru uliandikwa mwaka 1965 katika Waraka wa Bunge Namba 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya, kazi inayohusishwa hasa na Tom Mboya na vijana wachumi wa hazina akiwemo Mwai Kibaki. Waraka huo uliukataa Umaksi na ukaukataa ubepari usio na udhibiti. Ulisema pia kwamba fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Barack Obama, baba yake rais wa Marekani wa baadaye, mwanauchumi aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka Harvard, aliukosoa waraka huo hadharani katika East Africa Journal Julai mwaka huohuo. Ukosoaji wake ulihusu zaidi umiliki wa uchumi, ardhi na kodi. Wafugaji wa kaskazini hawakuwa na mtetezi wa namna hiyo kwenye kurasa za majarida, na ilichukua hadi 2012 kwa Waraka wa Bunge Namba 8 kukiri kwa maandishi kwamba maeneo kame yanastahili uwekezaji wake.

Msomaji atauliza: kama tatizo ni serikali kushika bei, basi si iachilie tu? Hapa utafiti wa uchumi wa Kikomunisti una somo jingine, kutoka Budapest. János Kornai, Mhungaria aliyezaliwa 1928 na kufariki 2021, aliishi ndani ya mfumo huo na mwaka 1980 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu uchumi wa uhaba. Alionyesha kwamba foleni za madukani hazikutokana na uvivu wa watu wala makosa ya ofisa mmoja. Shirika la umma linalojua kwamba hasara yake italipwa na hazina halina sababu ya kumwogopa mteja, wala kumlipa muuzaji kwa wakati.

Wakenya hawahitaji kwenda Hungaria kuona mfano. Tume ya Nyama ya Kenya iliundwa 1950 na kiwanda chake cha Athi River kilikuwa ndicho tegemeo la ng'ombe wa kaskazini. Kilizama katika madeni, kikafungwa, kikafunguliwa upya 2006, na mwaka 2020 tume hiyo ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi. Wafugaji waliopeleka ng'ombe huko wamelalamika mara nyingi kuhusu kucheleweshewa malipo. Kwa mtu wa Garba Tulla aliyepeleka ng'ombe wanne ili alipe karo, miezi mitatu ya kungoja fedha ni sawa na kupunguziwa bei, na mara ya pili atamtafuta dalali anayelipa papo hapo hata kama anatoa kidogo.

Kuna dhana ya zamani, iliyoletwa na watawala wa kikoloni na kurithiwa na maafisa wengi wa baadaye, kwamba mfugaji hauzi kwa sababu anawaabudu ng'ombe wake. David Bevan, Paul Collier na Jan Willem Gunning walitoa jibu kwa njia ya mzunguko katika kitabu chao cha 1989 kuhusu wakulima na serikali, walipochunguza Tanzania ya enzi za ujamaa na kuilinganisha na Kenya. Maduka ya vijijini yalipokosa sabuni, vitambaa na baiskeli, wakulima wa Tanzania walipunguza kuuza mazao, hata bei ilipopandishwa. Fedha isiyonunua kitu haina mvuto. Hali hiyo ilianza kubadilika 1984, serikali ilipowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa fedha zimetoka wapi.

Kuhusu wafugaji wenyewe, wanauchumi Christopher Barrett, Marc Bellemare na Sharon Osterloh walitumia takwimu za familia za wafugaji zilizokusanywa kati ya 2000 na 2002 katika vituo 11, sita vikiwa kaskazini mwa Kenya na vitano kusini mwa Ethiopia. Waliona kwamba familia hizo zinauza mifugo michache, na kwamba kupanda kwa bei peke yake hakuwafanyi wauze zaidi. Huuza wanapohitaji fedha. Anayesoma matokeo hayo kwa haraka ataona ushahidi wa dhana ya kikoloni. Anayeyasoma pamoja na kitabu cha Bevan na wenzake ataona kitu kingine. Mahali pasipo benki ya karibu wala bidhaa nyingi za kununua, na ambapo ukame ukija mwenye ng'ombe 40 hubaki na 10 na mwenye 10 hubaki mikono mitupu, kumbakiza ng'ombe zizini ni uamuzi wa akili timamu. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikishindwa kwa mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 katika maeneo kame ya Kenya. Wakazi wa Merti na Sericho hawahitaji kufafanuliwa maana ya tarakimu hiyo.

Na kati ya mfugaji na soko la Nairobi kuna mtu ambaye mipango ya serikali, ya Addis na ya Nairobi, ilimdharau kila mara: mfanyabiashara. Hussein Mahmoud, msomi Mkenya aliyechunguza biashara ya ng'ombe ya Moyale, alichapisha mwaka 2008 katika jarida la Africa maelezo ya kina ya jinsi biashara hiyo inavyosimama. Mfanyabiashara wa Moyale hununua ng'ombe, wengi wao kutoka upande wa Ethiopia, huwapakia kwenye lori na kuwapeleka Nairobi, ambako mara nyingi huwauza kwa mkopo. Hakuna hati ya benki inayomlinda. Kinachomlinda ni ukoo, dini, jina lake na jina la mwenzake. Wanunuzi wa mjini wakikimbia na fedha, mtaji wa miaka huyeyuka kwa safari moja. Hatari hiyo yote imo ndani ya bei anayopewa mfugaji. Afisa anayemwita dalali mnyonyaji bila kuuliza anabeba hatari gani hajaielewa biashara anayotaka kuirekebisha.

Hatari nyingine ilikuwa barabara yenyewe. Kwa miongo kadhaa lami iliishia Isiolo. Kutoka hapa hadi Moyale, karibu kilomita 500, malori yalisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi kwa kuwaogopa majambazi, ng'ombe wakiwa chini na abiria wameketi juu kwenye vyuma. Safari ilichukua siku mbili au zaidi, na mvua ikinyesha, lori lingeweza kukwama siku nyingi huku ng'ombe wakikonda na wengine kufa. Sehemu ya kwanza ya lami, kilomita 136 kutoka Isiolo hadi Merille, ilijengwa na kampuni ya Kichina ya China Wu Yi kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na serikali. Sehemu zilizofuata zilikamilika takriban miaka 26 baada ya hotuba ya Mengistu. Leo basi linaondoka Moyale na kufika Nairobi ndani ya siku moja.

Miaka hiyo 26 ndiyo kiini cha jambo. Sheria inaweza kufutwa kwa hotuba moja, lakini barabara huchukua kizazi. Mtu akiuliza kwa nini mageuzi ya 1990 yalisikika haraka Addis Ababa na polepole sana Moyale na Isiolo, utafiti wa Dercon wa 2006 umejibu: mahali ulipo ni nusu ya utajiri wako.

Desemba 2020 viongozi wa nchi hizi mbili walirudi kwenye mada ya kufungua njia kwa vitendo, Uhuru Kenyatta, rais wa Kenya wakati huo, na Waziri Mkuu Abiy Ahmed wa Ethiopia walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Moyale. Makubaliano ya hadhi maalumu ya biashara kati ya nchi hizi mbili yalikuwa yametiwa saini tangu 2012. Hata hivyo ngamia wengi wa kaskazini mwa Kenya wanaovuka kuingia Ethiopia, kisha kusafirishwa hadi nchi za Ghuba, na ng'ombe wanaokuja upande wa pili, wamekuwa wakivuka nje ya vitabu vya forodha. Mtafiti Peter Little ameonyesha kwa miaka mingi kwamba biashara hii isiyoandikwa ni kubwa, inalisha watu wengi, na huitwa magendo na serikali zisizofaidika kuiandika. Ni makosa kuipiga vita. Njia ya busara ni kurahisisha cheti cha daktari wa mifugo na kupunguza idadi ya mikono inayodai chochote njiani, ili mwenye mbuzi 20 apate sababu ya kupita langoni mchana.

Swali la nani hufaidika soko likifunguliwa limekuwa la dharura upya. Tarehe 29 Julai 2024, Ethiopia iliiacha birr ipate bei yake sokoni. Birr iliyokuwa takriban 57 kwa dola ilipita 100 ndani ya wiki chache. Chini ya Dergi sarafu hiyo ilikuwa imefungwa kwenye birr 2.07 kwa dola, na haikuguswa hadi Oktoba 1992 iliposhushwa hadi 5. Mwaka huohuo wa 2024 wageni waliruhusiwa kufanya biashara ya jumla na rejareja na ya kuingiza na kutoa bidhaa, shughuli zilizokuwa zimehifadhiwa kwa Waethiopia, na Desemba bunge likafungua mlango kwa benki za nje. Safaricom ilikuwa imeshaingia, ikazindua mtandao wake Addis Ababa Oktoba 2022 na M-Pesa mwaka uliofuata. Haya ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote nchini humo tangu yale ya 1990 na 1992.

Kwa Isiolo hesabu yake ina pande mbili. Birr ikishuka, ng'ombe na maharage ya Ethiopia huwa rahisi kwa mwenye shilingi, na mama anayenunua maharage mjini hupata nafuu. Mfugaji wa Oldonyiro anayeleta ng'ombe wake soko lilelile hukutana na mshindani aliyepunguziwa bei na benki kuu ya nchi nyingine. Mfanyabiashara wa Moyale aliyekuwa ameweka akiba yake kwa birr hupoteza nusu ya mtaji bila kulala na njaa hata siku moja. Nani amefaidika zaidi na nani ameumia hakuwezi kujulikana kwa kukisia katika ofisi za Nairobi.

Kunaweza kujulikana kwa kupima, kama Dercon alivyopima. Sehemu ya vifaa ipo tayari: taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame huchapisha bei ya ng'ombe, mbuzi na mahindi kwa kaunti ya Isiolo na kwa Marsabit jirani. Kinachotakiwa ni kuziweka bei hizo kando ya zile za Moyale ya Ethiopia, Yabello na Addis, mwezi kwa mwezi, kabla na baada ya Julai 2024; kisha kuzihoji familia zilezile mwaka huu na baada ya miaka mitano. Zile familia za upande wa Kenya za 2000 hadi 2002 zilihojiwa Marsabit, Samburu na Baringo, na hakuna kituo hata kimoja kilichokuwa Isiolo. Serikali ya Kaunti ya Isiolo, Shirika la Takwimu la Kenya na vyuo vikuu vya nchi zote mbili wana watu wa kuifanya kazi hiyo. Waianze sasa, na waanzie vijiji vilivyo mbali na lami: Merti, Sericho, Garba Tulla na Oldonyiro.